Akiror Aliyeacha Nyasi Chini

Mwezi wa Machi mwaka wa 1963, Omoding wa Chakol aliteremka mlima kwa baiskeli iliyobeba gunia la mihogo mbichi. Breki zikakataa, baiskeli ikaenda mtaroni, na gunia likamwangukia muundini. Mfupa ukavunjika mara mbili. Kwa miaka minne Omoding alikuwa mkata nyasi wa gesti moja ya serikali pale Malaba, nyumba ya vyumba sita nyuma ya stesheni ya reli, ambamo maofisa waliokuwa wakienda Tororo au kurudi walilala usiku mmoja na kuendelea na safari. Kazi ya kibarua haimngojei mtu apone. Jumatatu iliyofuata, umande ukiwa bado haujakauka, mkewe Akiror aliingia langoni akiwa na slasha ya mumewe begani.

Aliyempokea alikuwa Nathaniel, mwangalizi wa kiwanja, Mluhya wa kutoka Khunyangu, mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama yenyewe.

"Omoding yuko wapi?"

"Amevunjika mguu, bwana."

"Pole sana. Kwa hivyo umekuja kuniambia?"

"Nimekuja kukata. Mguu ndio umelala nyumbani. Mikono nimekuja nayo mimi."

Nathaniel alimtazama mama yule mfupi, mwenye mabega mapana, kitambaa kimefungwa kichwani kama mtu anayekwenda kupalilia pamba. "Mama, hii kazi haijafanywa na mwanamke hapa."

"Basi niangalie mpaka saa nne. Ukiona haifai, nitachukua slasha yangu niende."

Nathaniel hakujua alikuwa anazungumza na nani. Baba yake Akiror, mzee Osukuku, alikuwa mwezekaji wa nyumba aliyeitwa mpaka ng'ambo ya mpaka, na kwa kuwa watoto wake wa kwanza watano walikuwa wasichana, ni wao waliomkatia nyasi. Akiror alishika mundu akiwa na miaka tisa. Alijua kunoa chuma mpaka kiweze kunyoa nywele za mkono, na aliweza kusikia kwa sikio tu kama nyasi imekatwa au imepasuliwa. Ilipofika saa nne, upande wote wa chini ulikuwa umelala sawasawa kama mkeka. Nathaniel alimletea mashine.

Ilikuwa mashine ya kusukuma kwa mikono, yenye visu vinavyozunguka kama pipa, na mbele yake kikapu cha turubai cha kupokea nyasi. Meneja wa gesti wakati huo alikuwa mzungu mmoja mzee, mpole wa maneno lakini mkali wa macho, ambaye hakutaka kuona hata jani moja limelala juu ya uwanja wake. Kinachokatwa kiingie kikapuni, kinachoponyoka kikusanywe kwa reki, na vyote vipelekwe kwenye shimo nyuma ya jiko vikachomwe. Akiror alifanya hivyo miezi tisa. Alikata, akakusanya, akachoma. Omoding, mguu wake ukiwa umefungwa vipande vya mbao, alimuuliza kila jioni habari za uwanja kama mtu anayeuliza habari za ng'ombe wake.

Ilipofika Desemba bendera ikabadilika. Watu wa Malaba waliimba siku tatu, na pombe ya wimbi ikanywewa vyunguni kwa mirija mirefu mpaka mirija ikapasuka. Mwezi wa Januari yule mzungu alifunga masanduku yake akapanda gari moshi, na Nathaniel akapewa funguo za gesti yote.

Wengi wangedhani sasa atalegeza. Nathaniel alikaza mara mbili. Aliamka kabla ya wote, akapitisha kidole chake juu ya madirisha kutafuta vumbi, akahesabu mashuka. Uwanja ndio uliomnyima usingizi zaidi ya yote, kwa sababu ndio mgeni aliouona kwanza.

"Mama Akiror," alimwambia asubuhi moja, wamesimama kwenye veranda, "kuna watu wanangoja. Wanapita hapa na gari wakiangalia. Wanataka kusema, mnaona, mwaka mmoja tu na pale pamekuwa pori. Mimi sitawapa hiyo nafasi. Mzungu alikuwa haachi jani chini. Mimi pia siachi."

Akiror alimwelewa, na kwa kweli alimpenda kwa neno lile. Hakuona tofauti kati ya moyo wa Nathaniel na wake mwenyewe. Walichotofautiana ni udongo.

Uwanja ule ulikuwa umetengenezwa vibaya tangu mwanzo. Wajenzi wa gesti walisawazisha kilima, wakaparua udongo mweusi wote wakautupa bondeni, na juu ya kifusi chekundu kilichobaki wakapanda nyasi za paspalamu, zile zinazotambaa zenye jani pana. Kilichoziweka hai ni magunia. Mara mbili kwa mwaka yule mzungu aliagiza mbolea ya chumvichumvi kutoka Kitale, Omoding akaimwaga kwa mkono kabla ya mvua. Sasa mzungu ameondoka, na magunia yakaondoka naye. Nathaniel aliandika barua mbili kuyaomba. Alijibiwa kwamba kuna mambo makubwa zaidi ya nyasi, na hilo halikuwa jibu la kubishana nalo.

Kiangazi cha mwaka huo uwanja ulikuwa rangi ya ngozi ya simba. Mahali pengine kifusi kilionekana kama kichwa kinachoanza kupata upara. Ni wakati huo ambapo Akiror, akienda kuanua vitambaa vyake kwenye kamba za dobi nyuma ya nyumba, aliona kitu. Chini ya zile kamba, mahali ambapo mgeni hafiki, nyasi zilikuwa kijani. Si kijani cha mvua, lakini zilikuwa hai. Alichutama akazipanua kwa vidole. Katikati ya mashina kulikuwa na tabaka jembamba la vipande vya nyasi vilivyooza, vyeusi, laini kama ugoro. Chini yake udongo ulikuwa na ubaridi, na nyungunyungu mmoja alijivuta akazama.

Akakumbuka. Mahali pale alikuwa hakusanyi. Reki ilikuwa ikinaswa na vigingi vya kamba, na kwa kuwa hakuna aliyepaangalia, alikuwa akikata na kuondoka. Kwa mwaka mzima alikuwa amefanya uvivu kidogo, na uvivu ule ulikuwa umezaa.

Alikaa pale amechutama mpaka magoti yakauma, akicheka peke yake.

Mvua za Machi zilipoanza, alitoa kikapu cha turubai kwenye mashine, akakitundika ukutani, akakata uwanja wote wa mbele bila kukusanya hata unyasi mmoja. Nathaniel alitoka ofisini na kalamu sikioni.

"Reki iko wapi?"

"Iko stoo, bwana."

"Na hizi nyasi?"

"Hizi zinabaki. Ni chakula cha uwanja."

Nathaniel alishuka ngazi polepole. "Mama, mimi nimekuzoea wewe kama mtu mwenye akili. Hii ni takataka. Umeiacha mbele ya mlango wangu, halafu unaniambia ni chakula?"

"Bwana Nathaniel, njoo nyuma nikuonyeshe."

Alimpeleka kwenye kamba za dobi. Nathaniel akatazama, akapiga nyasi kwa ncha ya kiatu. "Hapa maji ya nguo yanadondoka. Ndiyo sababu."

"Maji yanadondoka kwenye mstari wa kamba. Kijani inafika mpaka ukutani. Chimba uone."

Hakuchimba. Shati lake lilikuwa jeupe mno. Lakini hakuwa mtu wa kupuuza hoja, akaleta zake. Nyasi kavu itaita mchwa, mchwa watakula uwanja kisha watapanda kwenye milango. Nyoka watajificha. Viatu vya wageni vitabeba vipande mpaka ndani ya mazulia. Na juu ya yote, mzungu yule alikuwa amesoma mambo ya bustani kwao, na hakuacha.

"Mchwa wakija tutawakaanga," alisema Akiror, na hata Nathaniel alitabasamu, kwa maana kwao Khunyangu pia msimu wa kumbikumbi haumpiti mtu. Kisha akaongea kwa utulivu. "Mzungu alikuwa anachukua kwa mkono huu na kurudisha kwa huu. Anachoma nyasi, anamwaga gunia. Sisi tunachukua tu. Ng'ombe ukimkamua kila siku na usimpe majani, utakamua nini mwezi wa tatu?"

 Nathaniel akaenda stoo akarudi na fungu la kamba ya katani. Akafunga ncha moja kwenye mlingoti wa bendera na nyingine kwenye nguzo ya lango, uwanja ukagawanyika nusu kwa nusu.

"Kushoto ni kwako. Fanya dawa yako. Kulia ni kwangu, tunakusanya kama kawaida. Lakini ukiniaibisha, mama, narudisha kamba yangu stoo, na tunarudi kwenye reki, na hutanisumbua tena. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," alisema Akiror, na hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Alipaswa kuwa nao. Aprili mvua ilinyesha siku kumi na moja bila kupumzika. Mto Malaba ukafurika, na habari zikaja kwamba hata kule mbali Budalang'i watu wamehamia juu ya vichuguu na mbuzi wao. Hakuna aliyeweza kusukuma mashine kwenye matope yale. Jua lilipotoka, nyasi zilikuwa zimepita vifundo vya miguu. Akiror, kwa haraka ya kutaka kuonyesha uwanja safi, alizikata zote siku hiyo hiyo, zikiwa mbichi na zimelowa, akaziacha upande wake kama alivyoahidi. Zilianguka mafungu mafungu, nzito kama ugali uliopoa.

Siku ya nne uwanja wa kushoto ulianza kunuka. Siku ya saba Akiror aliinua fungu moja kwa mkono na kuona chini yake nyasi zimegeuka njano, kisha nyeupe, zenye utelezi, na utando wa ukungu umetambaa juu yake kama wa buibui. Aliinua la pili na la tatu. Yote vile vile. Upande wa kulia, wa Nathaniel, ulikuwa unang'aa.

Nathaniel alikuja akasimama kwenye kamba, mikono nyuma. Hakupiga kelele, na hilo liliuma zaidi.

"Sasa, mama?"

"Nimekosa," alisema Akiror.

Nathaniel hakutegemea jibu la namna ile. Alikuwa amejitayarisha kwa mabishano. "Kwa hivyo nitoe kamba?"

"Hapana. Nimesema nimekosa, sijasema nilidanganya. Nipe mpaka mwisho wa mwezi wa sita nijue nimekosea wapi. Kama sijajua, utatoa kamba na mimi mwenyewe nitakukunjia."

Hapo ndipo alipoingia Wilkista. Wilkista alikuwa jirani wa gesti, mjane aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa amefungwa nyuma ya nyumba, na alikuwa akiwauzia maziwa wafanyakazi wa reli tangu Akiror hajafika Malaba. Kabla ya jambo hili la kamba alikuwa akichukua nyasi za gesti kabla hazijachomwa. Tangu Machi, alipobaki na za nusu moja tu, alikuwa amenuna. Sasa alisimama kwenye ua akimwangalia Akiror akiparua mafungu yaliyooza.

"Unaona!" alisema. "Ungenipa mimi, ng'ombe wangu angekushukuru. Umenyima mnyama mwenye mdomo ukaupa udongo usio na mdomo, na udongo umetapika."

Akiror aliacha reki akacheka mpaka akashika kiuno. "Rudia hilo neno."

"Lipi?"

"Umetapika. Wilkista, mtoto ukimshindilia uji wa siku kumi na moja kwa mara moja, hatatapika?"

Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa na jibu. Chini ya kamba za dobi alikuwa akikata kila alipopita, mara mbili kwa wiki, kwa sababu nguo za wageni zilikuwa zikiguswa na nyasi. Vipande vilikuwa vifupi kama pingili ya kidole cha mwisho, vikaanguka katikati ya mashina vikapotea. Hapa uwanjani alikuwa amekata kitu kirefu kama kiganja, kikalala juu kama blanketi la mgonjwa. Nyasi ile ile, mashine ile ile. Urefu ndio uliokuwa tofauti, na unyevu.

Akamwomba Nathaniel ruhusa ya kukata Jumatatu na Alhamisi badala ya mara moja kwa wiki. Akasubiri mpaka umande ukauke. Akainua kisu cha mashine kiwe juu kidogo, asinyoe mpaka ngozini, aondoe ncha tu. Alinoa visu kila Jumamosi, kwa maana kisu butu kinatafuna na kuacha nyuzi. Na kama mvua ilimzuia wiki nzima nyasi zikarefuka, alikusanya zote kwa reki bila kusita, hata kwenye nusu yake, akamwita Wilkista juu ya ua: "Leta kamba, leo ni zamu ya mwenye mdomo!"

Wilkista akaacha kununa. Kingo za barabara na ukanda wa nyuma wa ua, ambako nyasi zilikua ndefu, vikawa vyake moja kwa moja, na yeye kwa upande wake akaleta samadi kavu kwenye debe, Akiror akaipondaponda na kuitupia kwenye vile viupara vya kifusi. Alipoulizwa na Nathaniel kama samadi haikuwa kudanganya kwenye mashindano, Akiror aliitupia pande zote mbili za kamba sawasawa, kiganja kwa kiganja, Nathaniel akisimamia.

Mwisho wa mwezi wa sita madoa meupe yalikuwa yamejaa nyasi tena. Kamba ikabaki.

Kiangazi kilichofuata kilikuja mapema na kilikuwa kirefu. Tangu Desemba mpaka Februari mwaka wa 1965 hakukunyesha ila manyunyu mawili. Jiwe la Tororo, ule mwamba mrefu ng'ambo ya mpaka, lilipotea kwenye vumbi, likaonekana asubuhi tu. Na katikati ya ukame ule ikaja barua: wakubwa wa vyama vya ushirika vya pamba kutoka pande zote mbili za mpaka watakutana Malaba, na baada ya mkutano watakunywa chai kwenye uwanja wa gesti, watu sitini, pamoja na mkubwa mmoja kutoka mkoani.

Nathaniel aliazima viti kanisani na shuleni. Siku yenyewe, tangu alfajiri, alivipanga kwa mistari upande wa kulia, upande wake, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na veranda. Akiror alikuwa akifagia lango. Alimwona akiweka kiti, akarudi nyuma, akatazama. Kila mguu wa kiti uliogusa chini uliinua kijivumbi. Mahali alipotembea akibeba meza palikuwa na njia nyekundu. Kulia kwa kamba uwanja ulikuwa kama majani ya chai yaliyokauka. Kushoto haukuwa bustani ya peponi, ulikuwa umefifia na ncha zake zimeungua, lakini ulikuwa nyasi, mzito na wenye rangi, na ukitembea juu yake huinui vumbi.

Nathaniel alisimama na kiti mkononi kwa muda mrefu. Akatazama saa yake. Akatazama shati lake jeupe. Kisha akavuka kamba, akakiweka kile kiti upande wa kushoto, akarudi kuchukua kingine.

Akiror aliweka ufagio chini.  Alikwenda akashika meza ncha ya pili, wakaibeba pamoja, na wakafanya hivyo mpaka viti vyote sitini vikavuka. Mwishoni Nathaniel akafungua kamba kwenye mlingoti, akaizungusha kwenye kiwiko chake taratibu.

"Nairudisha stoo," alisema.

"Sawa, bwana."

"Si kwa sababu ile tuliyosema."

"Najua, bwana."

Chai ilinywewa. Saa kumi hivi yule mkubwa wa mkoani, mtu mnene mwenye fimbo, alisimama akachezesha kiatu chake juu ya nyasi. "Tangu mkoani mpaka hapa," alisema, "nimekanyaga vumbi tu." Akamgeukia Nathaniel mbele ya wote. "Bwana mwangalizi, umefanya kazi. Unamwagilia na nini?"

Akiror alikuwa amesimama nyuma ya veranda na sinia la vikombe. Alimwona Nathaniel akifungua mdomo. Palikuwa na nafasi pale ya kupitisha jibu lolote, na hakuna ambaye angeuliza la pili.

"Hatumwagilii, mzee," alisema Nathaniel. "Maji ni ya kunywa. Na si mimi niliyefanya. Mimi nilikataa. Ni huyu mama." Akamwita kwa mkono. "Mama Akiror, njoo."

Alikuja na sinia lake. Mkubwa akamtazama tangu kitambaa cha kichwa mpaka miguu mitupu.

"Unaweka dawa gani hapa, mama?"

"Siweki kitu, mzee. Nimeacha tu kuchukua."

Watu wa ushirika wakacheka, lakini wakulima wawili watatu hawakucheka, wakasogea. Mzee mmoja kutoka ng'ambo akauliza kama inawezekana kufanya hivyo kwenye shamba la pamba, na Akiror akamwambia hajui pamba, anajua nyasi, lakini kama ni yeye angejaribu mistari miwili kwanza kabla ya kuiamini. Jibu lile lilimpendeza mkubwa kuliko lile la kwanza. Akauliza mama huyu ameajiriwa kwa daraja gani.

Nathaniel akakohoa. "Kwa kusema kweli, mzee, kwenye orodha jina lililoko ni la mume wake. Yeye anamshikia."

"Tangu lini?"

"Karibu miaka miwili."

"Basi amemshikia ya kutosha. Andika jina lake."

Jioni hiyo Akiror alitembea mpaka nyumbani kwa miguu iliyokuwa myepesi. Omoding alikuwa ameketi nje, mguu wake uliopona vibaya umenyooshwa mbele. Kwa muda wote huo walikuwa wamesema kwamba akipona atarudi kazini, na wote wawili walijua tangu zamani kwamba mguu ule hautasukuma mashine tena, lakini hakuna aliyetaka kulisema. Akiror aliketi karibu naye akamweleza yote kwa Kiteso, tangu kiti cha kwanza mpaka neno la mkubwa. Alipofika kwenye jina alisita.

 Uso wa Omoding ulipita kwenye kivuli, kisha ukatoka.

"Kwa hivyo mimi si mkata nyasi wa Malaba."

"Hapana, Omoding."

"Mimi ni mume wa mkata nyasi wa Malaba." Akalipima lile neno ulimini kama anayeonja mchuzi. "Sasa nani atapalilia mihogo?"

"Wewe. Mihogo unaweza kuipalilia umekaa."

Na kweli alifanya hivyo, kwenye kigoda kifupi alichokisogeza mstari baada ya mstari, na kwa tabia yake ya kuuliza uliza akawa mkulima bora kuliko alivyowahi kuwa mkata nyasi.

Nathaniel alikaa Malaba miaka miwili mingine. Hakuacha kupitisha kidole juu ya madirisha, na kila mgeni aliyelalamika kuona vipande vya nyasi kwenye viatu vyake alielezwa jambo lile kwa kirefu, kwa Kiingereza au Kiswahili, mpaka akajuta kuuliza. Alipohamishwa aliacha maneno kwenye daftari la kazi kwamba uwanja usiguswe na mtu mwingine bila ruhusa ya Bi. Akiror. Aliandika hivyo, Bi. Akiror, na mwangalizi mpya aliheshimu.

Mwaka wa 1968, zahanati mpya ilipomalizika kujengwa upande wa Busia, Akiror alitumiwa lori aende kupanda nyasi mbele yake. Alikwenda na magunia manane ya vipandikizi vya paspalamu vilivyofunikwa majani ya migomba yaliyoloweshwa. Fundi mkuu wa pale alimwonyesha uwanja uliosawazishwa vizuri, mwekundu, mgumu kama sakafu, akamwambia aanze popote apendapo. Akiror alizunguka mara moja. Alipiga ardhi kwa kisigino hapa na pale. Kisha akauliza udongo mweusi ulioparuliwa umetupwa wapi. Fundi akamwonyesha rundo nyuma ya choo, tayari limeota magugu.

"Leteni matoroli," alisema, akivua viatu. "Kwanza turudishe ule."

Wakashinda siku mbili wakiurudisha. Siku ya tatu ndipo alipopiga magoti, akafungua gunia la kwanza, na kuanza kupanda, shina kwa shina, akiacha nafasi ya kiganja kati ya moja na jingine.